Chuma cha Vitumbua Kutoka Chiang Mai

Saa kumi na mbili kamili jioni barabara nzima ikasimama, mimi peke yangu nikawa natembea.

Nilikuwa na kipande cha embe bichi mdomoni na kifuko cha chumvi ya pilipili mkononi. Nilishapiga hatua nne tano ndipo nikang'amua kwamba wa mbele yangu hasogei, wa pembeni hasogei, na yule mama aliyekuwa akigeuza ndizi juu ya mkaa amesimama wima, koleo ubavuni kama askari na bunduki yake. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa mwizi. Ya pili, Mungu anisamehe, ilikuwa kiama. Kisha nikausikia wimbo kwenye vipaza sauti, na miguu ikakumbuka kabla ya kichwa: utotoni Tanga, ukipita karibu na kituo cha polisi wakati bendera inashushwa, filimbi inalia na unaganda hapo hapo na beseni lako kichwani. Nikaganda. Ulikuwa wimbo wao wa taifa. Ulipokwisha, ndizi zikageuzwa, na zogo likaendelea pale pale lilipokatikia.

Hiyo ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza Chiang Mai, kaskazini ya Thailand, kwenye soko ambalo wenyewe wanaliita thanon khon doen, barabara ya watu wa kutembea. Barabara ya Ratchadamnoen inaanzia Lango la Tha Phae, mashariki ya mji wa kale, inanyooka kama kilomita moja hivi mpaka hekalu la Wat Phra Singh. Siku sita za juma inapitisha magari na pikipiki. Jumapili alasiri magari yanazuiwa, meza zinapangwa, mikeka inatandikwa, na mpaka usiku wa saa nne hivi huwezi kunyoosha mkono bila kugusa mtu.

Nieleze nilifikaje. Mimi nauza nguo. Nina duka dogo Kariakoo, na kila mwaka nafuata mzigo Bangkok, eneo la Pratunam, ambako wauzaji wa jumla wamebanana kuliko Mtaa wa Kongo siku za kuelekea Idi. Kwa miaka sita Thailand yangu ilikuwa hiyo tu: mabunda ya nguo, saizi za XL ambazo kwetu ni M, na wali wa Waarabu kule mtaa wa Nana. Mwaka huo, Desemba, wakala wa mizigo akaniambia makaratasi hayajakamilika, nisubiri siku nne. Hoteli ya Bangkok kwa siku nne bila kazi ni hasara na ni ugonjwa wa moyo. Nikakata tiketi ya treni ya usiku kwenda kaskazini, kilomita 751. Mhudumu anakuja, anakunja viti, anashusha vitanda, anatandika shuka, unalala Bangkok unaamka umezungukwa na milima. Na baridi! Nilipoteremka asubuhi nilikuta watu wamevaa sweta na kofia za sufu. Nikadhani nimeshuka Lushoto.

Jambo jingine la kueleza ni kwamba nimekulia kwenye chakula cha kuuza. Mama yangu alikuwa muuza vitumbua Ngamiani. Mchele unalowekwa jioni, unasagwa, unatiwa tui, iliki na hamira, na saa kumi za alfajiri chuma kipo motoni. Mimi na dada zangu tulikuwa miguu ya biashara. Tumesomeshwa na vitumbua, na ndiyo maana nikiingia soko lolote la chakula duniani siangalii chakula kwanza. Naangalia mkono wa muuzaji.

Kumbe macho hayo siku ya Jumamosi niliyasahau hotelini.

Jumamosi kuna soko lake pia, mtaa wa Wua Lai, kusini ya mji wa kale. Ni mtaa wa wafua fedha tangu zamani, na hata hekalu lao, Wat Sri Suphan, wamelivika fedha na alumini kuta na paa mpaka usiku linang'aa kama sufuria mpya. Nikaenda peke yangu, nina njaa ya safari, nimevaa hijabu yangu na simu mkononi. Harufu ilikuwa ya mishikaki hasa. Nikafuata moshi. Meza ya kwanza palikuwa na soseji iliyokunjwa kama kamba ya meli, inaitwa sai ua, imejaa mchaichai na majani ya ndimu na pilipili. Nikaonyesha kidole nikasema "chicken?" Mama akacheka, akasema "mu." Nikaenda ya pili. Mu. Mishikaki midogo yenye rangi ya dhahabu: mu. Ngozi zilizokaangwa zikavimba kama bisi: kaep mu. Neno langu la kwanza la Kithai nililojifunza kwa njaa ni hilo, maana yake nguruwe, na pale kaskazini hata mafuta ya kukaangia mara nyingi ni yake.

Badala ya kutulia na kuuliza, nikaanza kupiga picha. Nilifanya kile ambacho wazungu walikuwa wakitufanyia sisi na beseni letu: unamwinamia mtu usoni na simu, unacheka, unaondoka, hukununua. Nilikuta meza ya wadudu wa kukaanga. Kuna funza weupe wa kwenye mianzi ambao wenyewe wanawaita rot duan, yaani treni ya haraka. Nikawapiga picha nikamtumia shoga yangu wa Bukoba kwa mbwembwe, "ona watu wanakula nini." Akanijibu neno moja tu: "Senene?" Nikaona aibu nikarudisha simu mkobani. Usiku ule nililala na ndizi mbili na maji.

Asubuhi msichana wa mapokezi hotelini aliniona nilivyo, akanichorea ramani kwenye karatasi. Karibu na soko la usiku la watalii, kwenye kichochoro kinachoingia kutoka barabara ya Charoen Prathet, upo msikiti wa Ban Haw. Wenyewe ni Waislamu wenye asili ya Yunnan, kusini ya China. Babu zao walikuwa watu wa misafara: nyumbu wa kubeba mizigo, chumvi, chai, vitambaa, wanavuka milima mpaka Chiang Mai. Kwa sisi tuliolelewa na hadithi za misafara ya Tabora na Ujiji haihitaji maelezo mengi. Msafara ukipita unaacha dini, unaacha wajukuu, unaacha chungu cha kupikia. Chungu walichoacha hawa, wanavyosema wengi pale, ndicho khao soi.

Niliketi kwenye mgahawa hapo hapo kichochoroni. Bakuli likaja: tambi za mayai ndani ya mchuzi wa tui la nazi wenye bizari, paja la kuku limelegea, na juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikawa kavu zinavunjika. Pembeni kisahani cha mboga ya achari, vitunguu vidogo vyekundu na kipande cha ndimu. Nilipoonja mchuzi nikasema kwa sauti, "Yarabi, hili si la kaskazini, hili la Tanga." Meza ya nyuma mtu akajibu, kwa Kiswahili, "La Mombasa, mwanangu. Tanga nyinyi mwaiga tu."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa Kiingereza, mwaka wa tisa anaishi Chiang Mai. Tulikumbatiana kama tuliopotezana. Nikamweleza yaliyonipata Jumamosi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wewe wataka kula ama wataka kupiga picha? Maana hivyo viwili pale haviendi pamoja."

Jioni ndipo tukaenda, na ndipo nikagandishwa na wimbo wa taifa. Yeye alikuwa ameganda hatua tano nyuma yangu, amejiziba mdomo asicheke.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mzunguko wa kwanza hununui kitu. Unatembea barabara yote kwenda na kurudi, unanusa, unaangalia foleni ya wenyeji iko wapi. Hiyo naijua, ndivyo tunavyofanya Pratunam na nguo. La pili lilinigusa zaidi. Nilimwita mama mmoja kwa kusema "hello, hello," dada huyo wa Mombasa akanipiga kofi la begani. "Huyu ni mtu na heshima zake. Mkubwa wako kidogo ni phi. Rika la shangazi yako ni pa. Na bibi kama yule mwenye kofia ya sufu, kwa lugha ya hapa kaskazini, ni mae ui." Nikamwambia basi hata kwetu ni hivyo, huwezi kumwita muuza mihogo "wewe." Akasema, "Wajua, lakini ukipanda ndege wasahau."

La tatu ni maneno ya kuulizia. Mai kin mu, sili nguruwe. Kai ni kuku, pla ni samaki. Palipo na kibendera cha njano chenye herufi nyekundu, pale ni chakula kisicho na nyama kabisa. Nilishangaa jinsi milango ilivyofunguka. Mwanamke aliyekuwa na meza ya vifurushi vya majani ya mgomba nilimwambia mai kin mu, akavihamisha vya upande mmoja, akagonga kidole upande wa pili: pla, pla. Vinaitwa aep. Samaki aliyechanganywa na viungo vya kupondwa, akafungwa kwenye jani, akabanikwa polepole mpaka jani linaungua na ndani anaiva kwa mvuke wake. Baht 20, wakati ule baht 1 ilikuwa kama shilingi 75 zetu. Nilikula viwili nimesimama.

Wali wao nao si wa kijiko. Kaskazini wanakula wali wa kunata, unalowekwa usiku kucha na kupikwa kwa mvuke, na unauzwa kwenye kifuko kwa baht 10. Dada alinipa nikafinyanga tonge, nikabonyeza kwa dole gumba kutengeneza kishimo, nikachovya. Pa aliyekuwa akiuza akawaita wenzake waje waone. Nilidhani nimekosea kitu. Dada akasikiliza, akanitafsiria: "Wasema wewe umefunzwa vizuri kwenu, wageni wengine wala kwa uma." Nikawaza, yaani miaka yote ile ya kugombezwa na mama nisimwage ugali mchuzini imekuja kulipa huku.

Lakini nilichochovya ndicho kilichonitoa machozi. Nam prik num: pilipili ndefu za kijani zimechomwa, zikamenywa, zikapondwa na vitunguu na saumu. Ukitazama ni kama kisamvu, hakina ukali wowote usoni. Nilichota tonge kwa majivuno. Sikuweza kusema kwa muda. Nilinyoosha mkono kwenye maji, yule pa akaninyang'anya chupa, akanipa tango na wali. Maji yanaeneza moto, wali unauzima. Jambo hilo nalo tunalijua, ila ulimi ukiungua akili inakimbia. Baadaye nilijifunza kusema mai phet, bila ukali, na nikagundua kwamba "bila ukali" ya mtu wa kaskazini bado ina pilipili. Unabishana naye mpaka akuangalie usoni na kukuonea huruma.

Sasa nifike kwa mae ui, maana yote haya nasogeza muda.

Barabara ya Ratchadamnoen imepakana na mahekalu, na Jumapili nyua zao zinageuka kuwa uwanja wa chakula. Uani mwa hekalu la Wat Phan On kuna meza, viti vya plastiki, taa, watu wanakula chini ya mnara wa dhahabu. Nilisita langoni. Dada, naye ana hijabu yake, akasema yeye hula uani, ukumbini haingii, na watawa anawapisha njia wasije wakamgusa kwa bahati mbaya kwa sababu wao hawaruhusiwi kugusana na mwanamke. Nikaona inatosha. Nje kidogo ya geti ndipo alipokuwa amekaa bibi na kofia yake ya sufu, kwenye kigoda, mbele yake jiko la mkaa, na juu ya jiko chuma cha vitumbua.

Sina namna nyingine ya kukisema. Chuma kizito cheusi cha mviringo chenye matundu, sawa na cha mama yangu, ila matundu ni madogo na mengi zaidi. Nilihesabu 28. Vinaitwa khanom krok. Unga wa mchele na tui la nazi, mwanamke, unga wa mchele na tui la nazi! Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na pacha wake stendi ya basi.

Nikaanza kuangalia mkono. Mama anatumia uji mmoja. Huyu ana birika mbili. Ya kwanza ina uji mwepesi, anaujaza tundu karibu lote. Anasubiri kingo zishike. Ya pili ina tui zito lenye sukari na chumvi kidogo, anadondoshea katikati. Juu anarusha majani ya kitunguu kwenye vingine, mahindi kwenye vingine, anafunika na kifuniko cha udongo. Hakuna hamira, hakuna iliki. Na havigeuzwi. Hapo ndipo tunapoachana, maana kitumbua cha kwetu lazima kigeuzwe kwa kijiti kiive pande zote. Chake kinaiva chini kikawa kikavu, juu kinabaki laini kinatetemeka. Anakitoa kwa kijiko cha bati, anakifunika na mwenzake, viwili vinakuwa kimoja cha mviringo. Vipande 8 kwenye kikapu cha jani la mgomba, baht 20.

Nilikula kimoja kikiwa moto mno. Utamu wa kwanza ni tui, kisha inakuja chumvi, kisha ule ukavu wa chini. Nilimwambia neno alilonifundisha dada, "lam tae tae," tamu kweli kweli, kwa lugha ya kaskazini. Watu wa Bangkok wanasema aroi. Bibi alipolisikia lam kutoka kwa mweusi mwenye hijabu alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni, akaniongezea viwili bure. Nyongeza! Hata nyongeza wanayo.

Na hapo hapo, katika furaha hiyo, nikaharibu. Nilitoa noti ya baht 20, upepo ukaipeperusha chini, na mimi nikafanya ambacho kila mtoto wa Ngamiani angefanya: nikaikanyaga isiende. Bibi akaacha kucheka. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akavuta pumzi. Dada akaniinamia sikioni, "Toa mguu. Pole pole. Iokote kwa mikono miwili." Noti zao zote zina sura ya mfalme, na mguu kwao ndio sehemu ya chini kabisa ya mtu, huuelekezi kwa mkubwa seuze kwa mfalme. Niliiokota, nikaipangusa kwenye gauni, nikakutanisha viganja kifuani kuomba radhi kama nilivyoona wengine wakifanya. Bibi akaipokea, akaitazama, akaiweka kwenye kopo. Baadaye kidogo akanipa kigoda cha pili nikae. Nadhani aliniona ni mtoto wa mtu tu, ambaye hakufundishwa hilo moja.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Katikati ya barabara walikuwepo wanamuziki wasioona, wameketi mstari mmoja na ala zao, umati unagawanyika kuwapisha kama maji yanavyopisha jiwe. Kando kulikuwa na viti vya kukandwa miguu, wageni wamelala midomo wazi. Mimi nilikuwa nahesabu. Chuma kimoja kinatoa jozi 14, kila dakika saba nane. Kikapu ni vipande 8. Hakuna aliyenunua vikapu viwili. Ndipo nikaelewa kilichonisumbua tangu mzunguko wa kwanza: pale hakuna sahani. Kila mtu anauza matonge mawili matatu kwa bei ndogo, kwa hiyo mteja mmoja anakula kwa watu wanane kabla ya kushiba. Kwetu ukinunua chips mayai umemalizana na mtaa mzima, wengine tisa uliowapita wamekukosa. Sisemi wao hawana wanaouza kitu kimoja kwa msururu. Juisi ya komamanga nilihesabu meza kumi na moja. Ila ule udogo wa sehemu ni akili ya biashara, na mama yangu, aliyekuwa akiuza kitumbua kimoja kimoja kwa mtoto wa shule, alikuwa nayo bila kuiita hivyo.

Kitu kimoja sikukipenda, nitakisema. Plastiki. Mchuzi kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, juisi kwenye kikombe na kikombe kwenye mfuko wenye mshikio. Nchini kwetu mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019 na bado tunalalamika, lakini ukiona mapipa ya Ratchadamnoen saa nne usiku unanyamaza. Hata hivyo sijawahi kuona mkono kama wa wale mama wakifunga mchuzi: wanaupa mfuko pumzi, wanausokota, mpira unazunguka mara tatu na kujibana wenyewe, mfuko umevimba kama mto na hauvuji tone. Nilijaribu mara tano. Mchuzi wa mara ya tano uko kwenye viatu vyangu mpaka leo.

Dada akamuuliza bibi atafunga saa ngapi. Akajibu, "Sam thum." Dada akanigeukia na uso wa mtu mwenye siri. "Sam ni tatu," akasema. "Wajua asema saa ngapi? Saa tatu usiku." Nilimwambia asinitanie. Kumbe kweli: usiku kwao unaanza kuhesabiwa jua likizama. Saa moja ni nueng thum, moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Inakwenda hivyo mpaka saa tano. Miaka sita Bangkok nimekuwa nikijumlisha na kutoa sita kwa ajili ya watu ambao nyumbani kwao, wakiongea na mama zao, wanahesabu usiku kama sisi.

Tukamalizia na roti, kwa kijana Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Myanmar. Salamu tu ikatosha. Anaupiga unga mezani mpaka unakuwa mwembamba kama shela, anaweka karaini, anavunjia yai, anapanga ndizi, anakunja pembe nne. Niliiona Forodhani nzima mbele yangu, ile pizza ya Zanzibar tunayowaambia watalii kwamba haipatikani kwingine. Yake inamwagiwa maziwa mazito ya kopo. Nilimwambia dada, hii ni ya kwetu. Akasema, "Haya, kamwambie." Sikumwambia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya treni, nilikwenda soko kubwa la Warorot, wenyewe wanaita Kad Luang, kat au kad kwa lugha yao ya kaskazini ni soko. Nilitafuta maduka ya vyombo nikapata chuma cha matundu 28. Kilo nne na ushee. Mchuuzi alitaka kuniuzia kile chepesi cha siku hizi kisichoshika, nikamwambia kwa mikono kwamba nataka cha bibi. Uwanja wa ndege Bangkok begi langu lilifunguliwa mara mbili, maafisa wakakigonga, wakanusa, wakaitana. Nilipitisha magauni 300 ya jumla bila swali, nikasimamishwa kwa chuma cha vitumbua.

Mama alikigeuza geuza, akakipima kwa mkono. "Umekwenda mbali kote huko," akasema, "ukaniletea nilichonacho?" Kisha akapitisha kidole kwenye matundu. "Na hivi vya kumlisha nani, kuku?" Lakini jioni alikuwa ameloweka mchele.

Vya kwanza vikashika chini, tukavikwangua vipande vipande. Vya pili hivyo hivyo, ijapokuwa tulimwaga mafuta ya kutosha kuogelea. Nikamwonyesha video, maana mwisho nilimpiga bibi picha, kwa ruhusa yake, dakika tatu. Nilikuwa nimeshaiangalia labda mara ishirini. Mama alivaa miwani, akaangalia mara moja, akasema, "Irudishe nyuma. Simamisha hapo."

Kabla ya kumimina, bibi alikuwa akipitisha kwenye kila tundu kifundo cha kitambaa chenye mpini. Mimi nilidhani anafuta vumbi.

"Hicho kitambaa ndani mna kitu," mama akasema, na hapo hapo akanyanyuka kwenda jikoni. "Yale machicha ya nazi umeyatupa?"